Nilivyokwenda London Kumwona Mwadime Akirusha Mpira

Tangu nirudi sijanywa chai yangu ikiwa moto. Kila nikikaa pale dukani karibu na stesheni, mmoja ananiuliza kama nilimwona Mfalme, mwingine anataka kujua kama ni kweli Wazungu hawasalimiani, na nyote kwa pamoja mnauliza mpwa wangu Mwadime alifunga mabao mangapi. Kwanza, mchezo wake hauna mabao. Pili, ile habari kwamba yeye ndiye nahodha wa timu niliitunga mimi mwenyewe, hapo hapo kwenye benchi, na nyinyi mkaimeza bila maji. Naomba radhi kwa hilo la pili tu. Mengine yote nayaandika hapa, asomaye asome, kisha mniache.

Kwa wale mliohamia Voi juzi: Mwadime ni mtoto wa kwanza wa dada yangu Wakesho. Alizaliwa hapa, akapelekwa London na mama yake akiwa na miaka sita, huko akajifunza kurusha mpira wa kriketi. Wamarekani wakauona mkono wake, wakamchukua chuoni kwao acheze besiboli. Sasa ana miaka thelathini na mitatu na mkono huo ndio unaomlisha. Baba yake alibaki hapa na kazi yake ya reli mpaka alipofariki, miaka sita iliyopita. Tuliahirisha mazishi wiki nzima tukimngoja mtoto wa kwanza. Mlikuwa kwenye kamati, mnakumbuka mlivyolalamika. Mtoto wa kwanza hakuja. Alituma ujumbe kwamba yuko kazini. Tangu siku ile dada yangu hajasema naye, hata salamu za Krismasi.

Basi tuliposikia kwamba timu yake inaletwa London kwa mechi mbili, ukoo ulikaa ukaamua kwamba mjomba aende akampatanishe mama na mwanawe. Mjomba ni mimi. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na moja, nimefungua vikao vingi kuliko milango. Nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba.

Voi hadi uwanja wa katikati

Hadi Nairobi sina la kusema, nililala. Taabu ilianza tuliposhuka kubadilisha ndege katika nchi ambayo sitaitaja, kwa sababu nimewahi kuwa na jirani kutoka huko na alikuwa mtu mwema. Tuliambiwa tungoje saa moja. Baadaye tukaambiwa saa moja nyingine, na ile nyingine ikazaa. Tulikaa saa tisa. Ili tusife njaa tulipewa biskuti mbili kila mtu na juisi yenye rangi ya dawa ya kikohozi. Mama mmoja aliyekuwa na watoto watatu alimuuliza binti wa shirika la ndege tatizo ni nini hasa. Binti akatabasamu akasema tatizo linashughulikiwa. Nilimwonea wivu. Laiti ningelijua jibu hilo nilipokuwa naongoza shule.

Kando yangu alikaa Mmarekani mnene aliyekuwa akitoka kutalii mbuga, na kichwani alikuwa na kofia ya timu ya Mwadime. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha ubaoni kama anamfahamu mrushaji mmoja wa asili ya Kenya. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Yule! Kila akiingia uwanjani mimi hufumba macho."

Akanieleza maisha ya mpwa wangu kuliko nilivyoyajua mimi. Kwamba katika miaka kumi amepita timu nne. Kwamba moja ilimbadilisha na mchezaji mwingine ambaye alikuwa bado yuko hospitali na mguu uliovunjika. Kwamba humshusha ligi ya chini, humpandisha, humshusha tena, na yeye hubeba begi lake tu na kwenda. Mwaka huu, akasema, mkono umekwisha.

Nilimwambia pole. Sikumwambia ni mpwa wangu. Petro alimkana Bwana mara tatu kando ya moto. Mimi nilimkana Mwadime mara moja kando ya biskuti.

Heathrow hadi Walthamstow

Ofisa wa forodha alifungua sanduku langu akatoa unga wa muhogo, akaunusa, akaninusa mimi, akaita mwenzake. Nilieleza kwamba ni chakula. Wakaniuliza chakula cha nini. Nikajibu, cha kula. Walielewana kwa macho wakaniachia.

Wakesho alinipokea akiwa na sare ya kazi, akanikumbatia, kisha akaniambia tutembee haraka. London yote hutembea haraka, hata wanaokwenda kukaa. Tulipanda treni ya chini ya ardhi, tukabadilisha, tukaenda mpaka mwisho wa njia, maana Walthamstow ndiko treni inakochoka. Watu walikuwa wamejaa na hakuna aliyesema neno. Nilimsalimia kijana aliyesimama mbele yangu, habari za asubuhi. Akatoa vidude masikioni, akaniuliza kama nimepotea.

Nyumba ya dada ni ndogo na safi, nyuma ya ile barabara ndefu ya soko. Nilikuwa sijakalia kiti vizuri alipoweka sheria.

"Kaka, karibu sana. Kula, lala, tembea. Lakini kama umeletwa kwa ajili ya huyo wenu, urudi nayo hayo maneno vile ulivyokuja nayo."

"Huyo wetu ana jina."

"Analo. Nilimpa mimi."

Akanipakulia kimanga, ule muhogo wetu wa kupondwa na maharagwe. Muhogo wa kununua dukani Walthamstow, lakini mkono ni ule ule wa mama yetu. Nilikula kimya, jambo ambalo dada yangu alilitilia shaka.

Kingsbury, kwa njia ya Kenton

Mwadime alijua mama yake angechana tiketi, hivyo alizituma kwa Mzee Jayanti huko Kingsbury. Wazee mnamkumbuka: ndiye aliyekuwa na duka la vyombo hapa Voi, upande wa sokoni. Kijana wake ndiye aliyecheza kriketi na Mwadime utotoni. Kwa hiyo asubuhi ya pili nilimwambia dada nakwenda kunyoosha miguu, nikaenda upande wa pili wa London.

Nilielekezwa nifuate njia ya treni yenye rangi ya kijivu. Nilifuata ya kahawia. Kwa mtu aliyevaa miwani ya kusomea hakuna tofauti kubwa. Nikashukia Kenton, nikaingia duka la mboga kuuliza, na mama mwenye duka, Mgujarati mwenye sari ya buluu, akaniangalia viatu.

"Wewe umetoka Kenya."

"Umejuaje?"

"Umepiga viatu rangi kwenda kununua nyanya. Mimi nilizaliwa Kisumu. Unatafuta nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu nifike mtu akanisalimia kama inavyotakiwa, na watoto na mvua na bei ya sukari. Alinielekeza Kingsbury kwa miguu, nusu saa, akanipa bilinganya mbili za kushika njiani. Nilifika kwa Mzee Jayanti nikiwa nimezibeba mkononi kama mwali na maua.

Mzee amezeeka ila Kiswahili chake hakijaguswa na jua wala baridi.

"Mwalimu! Voi bado iko pale pale?"

"Iko. Vumbi tu ndilo limeongezeka."

Tulikunywa chai ya viungo, tukala bhajia, na hapo nikamwomba anieleze kazi ya mpwa wangu, maana nilikuwa nimechoka kuitolea maelezo nisiyoyajua.

"Mrushaji wa kwanza ndiye anayeanza mechi," akasema. "Akichoka, au wakianza kumpiga ovyo, kocha anapiga simu kule nyuma, kwenye ua, anaitwa mwingine aje kuokoa. Mwadime ni huyo mwingine."

"Kumbe ni wa akiba."

"Si wa akiba! Kazi yake ndiyo hiyo. Anaingia mambo yakiwa yameshaharibika, yeye hakuyaharibu. Akiyaokoa, ushindi unaandikwa jina la mwenzake. Yakimshinda, anazomewa yeye."

"Na siku asipoitwa?"

"Anakaa. Saa tatu nzima anatafuna mbegu za alizeti na kutema."

Nikafikiria jinsi nilivyowaambia nyinyi kwamba ni nahodha, nikaongeza bhajia. Mzee aliponipa bahasha ya tiketi aliteremsha sauti. Kijana wake amemwambia kwamba Mwadime hatamaliza mwaka na timu hii, na pengine hakuna timu nyingine. Kama mama yake anataka kumwona akirusha, ni kesho, au asahau.

Nilirudi Walthamstow roho juu, nikitafuta maneno. Nilimkuta dada mezani, na kabla sijafungua mdomo simu yake ikalia. Huyu dada yangu ameajiriwa na wakala wa kuhudumia wazee majumbani. Mhudumu mwingine akiugua au akikimbia kazi, wanampigia yeye. Anaweza kukaa siku nzima na viatu mguuni akingoja, na anaweza kuitwa kijiko kikiwa mdomoni. Alikuwa ameshasimama.

Mimi, bila kufikiri, nikasema: "Kumbe wewe na mwanao mnafanya kazi moja."

Akageuka, begi begani. Nikamweleza yale ya Mzee Jayanti, ya ua na simu na kuitwa mambo yakiharibika, nikamwonyesha na bahasha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi hunyanyua wazee, kaka. Yeye amekaa." Akaondoka, na mlango aliufunga kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Alirudi jioni, akaoga, akaanza kuchambua maharagwe jikoni. Nilijitia kusoma gazeti. Baada ya muda nikasikia sauti yake, kavu.

"Hiyo mechi inaanza saa ngapi?"

Walthamstow hadi Stratford

Mechi ilikuwa saa saba mchana. Saa saba mchana sisi tulikuwa bado tunafunga sufuria. Dada yangu hawezi kwenda mahali mtoto wake alipo mikono mitupu, hata kama hajasema naye miaka sita, na kuku alikataa kuiva. Tulipanda basi na kapu la kimanga, kuku wa nazi na mahamri, basi zima likawa linatugeukia, na safari hii hawakugeuka kwa sababu ya salamu.

Langoni, mlinzi mwenye fulana ya rangi ya machungwa akasema chakula hakiingii. Wakesho akamwambia kwamba hiki si chakula, ni cha mwanawe. Mlinzi akasema sheria ni sheria. Kutupa ilikuwa haiwezekani, hilo hatukulijadili hata. Tukasimama pembeni ya lango tukala. Tulikula kuku mzima tukiwa wima, tunasikia kelele za mechi juu ya ukuta. Mlinzi alikubali mahamri mawili, akarudi kwa la tatu, na sheria ikabaki kuwa sheria.

Tulipoingia ilikuwa kipindi cha sita kati ya tisa. Sitawaeleza besiboli, kwa kuwa hata waliokuwa pale hawakuwa wakiitazama. Watu maelfu wanakula soseji ndefu kama mkono wa mtoto. Uwanjani wanaume tisa wamesimama majanini wakingoja jambo. Jambo likitokea, linakwisha kabla hujauliza ni nini, nao wanatema mate na kungoja tena. Kama kungoja ni mchezo, basi sisi abiria wa ndege ile tulistahili kombe.

Mwadime hakuwa miongoni mwa wale tisa. Tukaonyeshwa chini kabisa, ua uliozungushwa wavu kando ya uwanja, na ndani yake benchi la wanaume wazima wakitafuna. Nikamwona. Ana ndevu za baba yake. Nikashuka ngazi, Wakesho nyuma yangu, mpaka kwenye wavu. Alisimama, akavua kofia. Akamwona mama yake, akaivaa, akaivua tena.

"Mjomba," akasema. "Mmekuja."

Hapo nikafanya kosa ambalo ni mwalimu mkuu mstaafu wa Taita Taveta tu anayeweza kulifanya. Nilifungua kikao.

"Tuinamishe vichwa," nikasema.

Malezi ni malezi. Mwadime akainamisha kichwa, na wenzake wawili kwenye benchi wakafanya hivyo pia, mmoja akapiga ishara ya msalaba. Niliomba kwa kirefu. Nilishukuru kwa safari, nikawakumbuka marehemu, nikaombea mvua ya vuli, wagonjwa, na serikali. Nilikuwa bado kwenye serikali uwanja ulipopiga kelele: kumbe mrushaji wa kina Mwadime alikuwa anapigwa vibaya. Nikasema amina, nikatangaza ajenda ya kwanza na ya pekee, mazishi.

"Mjomba, please," Mwadime akanong'ona. "Niko kazini."

"Hata tulipomzika baba yako ulikuwa kazini," akasema Wakesho. Ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia kwa miaka sita.

Mwadime alishika wavu. Kiswahili chake kilikuwa kinakuja kwa shida, kipande kipande.

"Wiki ile ndiyo walinipandisha timu kubwa. Mara ya kwanza. Ruhusa wangenipa, mama, sitakudanganya. Siku chache. Lakini ukitoka unarudi unakuta mtu kwa kiti yako. Niliogopa."

"Ukacheza."

"Sikucheza."

"Wiki nzima?"

"Nilikaa. Siku saba. Simu inalia, wanaita wengine. Sikurusha hata mpira mmoja." Akauachia wavu. "Ningekuambia nini? Nimemkosa baba ndiyo nikae?"

Nilimtazama dada yangu, ambaye miaka yote hiyo alikuwa amemchora mwanawe akishangiliwa wakati sisi tunatupa udongo, na nikaona picha hiyo ikimtoka usoni na hana ya kuweka mahali pake.

Simu ya ukutani ikalia. Mzee mmoja mwenye kitambi akaipokea, akasikiliza, akamnyooshea Mwadime kidole.

"Nenda," Wakesho akamwambia. "Wanakuita."

Ningependa kuwaambia aliokoa mechi. Nimeshawadanganya kuhusu unahodha, inatosha. Alirusha mipira ya mwanzo minne ikaenda pembeni yote, mpigaji wa kwanza akapewa njia ya bure. Wa pili aliupiga ukaruka mpaka kwenye watu wenye soseji. Wa tatu naye akaupiga. Nyuma yetu mtu mzima akawa anapayuka atolewe, atolewe, na wengi wakamfuata. Mkuu wa timu alitoka kwa mwendo wa polepole, akanyoosha mkono, na Mwadime akamrudishia mpira kama mwanafunzi anayerudisha alichonyang'anywa darasani. Kisha akavuka majani yote yale peke yake huku anazomewa. Nililia, nami naliandika hivyo hivyo. Wakesho hakulia. Alisimama na kapu lake tupu mpaka mwanawe akapotea ndani.

Lango la nyuma

Mechi iliisha, watu wakatoka, mimi nikaelekea kituo cha basi. Dada yangu alielekea kwingine.

"Unakwenda wapi?"

"Kikao chako hakijafungwa."

Tukazunguka ukuta mpaka lango la nyuma, ambako basi la timu lilikuwa linanguruma kati ya mapipa ya taka. Tulisimama hapo kwa muda wa karibu saa mbili. Wachezaji walikuwa wanapita mmoja mmoja na masanduku, yule wa ishara ya msalaba akatupungia. Mwadime alikuwa karibu wa mwisho. Alipotuona aliweka begi chini.

"Wameshaniambia," akasema. "Wakirudi Amerika, mimi sirudi uwanjani. Imeisha."

Nilitarajia mama yake amkumbatie. Hakumkumbatia. Mimi, kwa kuona mambo yananizidi, nikasema basi tufunge kwa sala.

"Bado," akasema Wakesho. "Kuna mtu hajasema." Akamgeukia mwanawe. "Pale kaburini kila mtu alisema neno lake. Majirani walisema. Chifu alisema. Hata mwenye kukodisha viti alishika kipaza sauti. Mtoto wa kwanza hakusema. Sema."

"Hapa?"

"Hapa."

Alitazama basi, akatazama mapipa. Akaanza kwa Kiingereza, mama akamkata, kwa Kiswahili, kama wenzako walivyosema. Akavua kofia.

"Jina langu ni Mwadime," akasema, vile vile tunavyosema sote, ingawa sijui alijifunzia wapi. "Mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu." Akaikunja kofia. "Baba ndiye alinifundisha kurusha. Mawe. Tulikuwa tunafukuza nyani kwa shamba la mahindi. Alisema nisiangalie jiwe, niangalie nyani."

Nilicheka, nikaziba mdomo. Dereva akapiga honi. Mwadime akageuka kidogo, akamrudia mama yake.

"Nilikuwa nibebe jeneza upande wa kichwa. Alibeba mjomba. Mjomba, asante. Baba..."

Honi ikalia tena, ndefu. Wakesho aliweka kapu chini, akaenda mpaka dirishani kwa dereva, akaligonga kwa kiganja. Akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo timu nzima iliisikia, azime hiyo injini angoje, mwanawe anamzika baba yake.